Kuvundika kopa: mwongozo kamili wa kukomaza tipu za mashine ya spoti, na kristali zinazoota ndani yake

Fundi aliyezoea chuma akishika kopa ya kromi, yaani shaba iliyochanganywa na kromi kidogo, kwa mara ya kwanza ni rahisi sana kukosea, na mimi nilikosea. Nilichonga tipu nne za mashine ya spoti, zile ncha zinazobana bati na kuliunganisha kwa umeme, kwa jamaa mmoja anayetengeneza bodi za gari za watalii hapa Unga Limited, Arusha, nikazichoma mpaka zikawa rangi ya chungwa, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikamkabidhi nikiamini nimezipa tempa kama ninavyoipa patasi. Kesho yake karudi nazo zimefura vichwa kama uyoga, bati halishiki, na nusu siku ya kazi yake imepotea. Iliniuma sana kwa sababu fimbo ile ilikuwa nzuri na bei yake sio ya kuchezea, sio kwamba aliuziwa kopa mbovu, mimi ndo niliyeishia katikati ya kazi.

Ishu ni hii. Chuma cha patasi ukikichoma na kukizimisha kwenye maji kinakuwa kigumu palepale. Kopa ya kromi ukiizimisha kwenye maji inakuwa LAINI, laini kuliko ilivyokuwa dukani. Ugumu wake unakuja baadae, kwa moto wa pili, moto mdogo, wa masaa. Nimekulia Moshi na huko kila mtoto anajua kuvundika ndizi: mkungu unakatwa mbichi, unafunikwa sehemu yenye joto la wastani, unasubiri. Ukifunua mapema hazijaiva, ukisahau zinaoza. Kopa hii nayo inavundikwa, na mimi nitatumia neno hilo hilo humu mpaka mwisho maana sijaona linaloeleza vizuri zaidi.

Sasa kabla sijaenda kwenye hatua nataka uelewe kinachoota ndani, kwa sababu ukielewa hicho hutahitaji kukariri joto na masaa ya kila aloi, yaani kila mchanganyiko wa metali, utajua mwenyewe kwanini hii inataka nyuzi 470 na ile inataka 315.

KINACHOTOKEA NDANI

Nenda soko la Kilombero hapa mjini uangalie wanavyopanga machungwa mafungu ya piramidi, kila chungwa la juu limekaa kwenye shimo la matatu ya chini. Atomu za kopa zimejipanga hivyo hivyo. Ukikata kipande kidogo kabisa cha huo mpangilio unapata mchemraba wenye atomu kwenye kila pembe na nyingine katikati ya kila uso, na upande wa mchemraba huo una urefu wa nanomita 0.3615, nanomita moja ni milimita ukiigawa mara milioni. Kromi yenyewe hajipangi hivyo. Yeye mchemraba wake una atomu kwenye pembe nane na moja tu katikati ya tumbo, upande wake nanomita 0.288. Kwa hiyo hawa ni watu wenye tabia mbili tofauti wanaolazimishwa kukaa nyumba moja.

Kopa ikiwa ya moto sana inamvumilia kromi, kwenye nyuzi 1076 inaweza kumbeba karibu asilimia 0.7 kwa uzito akiwa ameyeyukia ndani yake kabisa, ingawa kopa yenyewe bado ni ngumu haijayeyuka. Ikishuka mpaka 400 haimtaki tena, inayobaki ni kidogo sana. Ukiipoza taratibu kromi wanajikusanya mafungu makubwa machache, hayana faida. Ukiipoza ghafla kwenye maji wanakosa muda wa kukusanyika, wananaswa wametawanyika mmojammoja, na hapo kopa ni laini. Ukiipasha tena moto wa wastani wanapata nguvu ya kutembea kidogo kidogo, wanatafutana, wanaunda vichembe vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, vya nanomita chache tu kila kimoja. Hivyo vichembe ndo wasomi wanaita presipiteti, na ndo ugumu wenyewe.

Kwanini vichembe vinaleta ugumu? Chuma au kopa ikipinda, atomu hazitelezi zote kwa pamoja. Fikiria turubai zito la lori, ukitaka kulisogeza hulivuti lote, unatengeneza mkunjo upande mmoja unausukuma mpaka utokee upande wa pili. Ndani ya kopa kuna mikunjo ya namna hiyo, inaitwa dislokesheni, na kopa safi ni laini kwa sababu mikunjo inapita bila kizuizi. Vichembe ni kama mawe chini ya turubai. Vikiwa vidogo sana mkunjo unavikata na kupita. Vikiwa vikubwa na viko mbalimbali mkunjo unazunguka pembeni yao unaendelea na safari. Katikati hapo kuna ukubwa ambao ni mkubwa kiasi cha kutokatwa kirahisi na bado vimebanana kiasi kwamba nafasi ya kuzunguka ni finyu, na hapo ndo kilele cha ugumu. Kazi yote ya kuvundika ni kufika hapo na kutoka kwenye moto.

Hii siri haikuanzia kwenye kopa. Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906 alikuwa anahangaika na aloi ya alumini, akakuta imekuwa ngumu yenyewe baada ya kupumzika siku kadhaa, na hakujua kwanini. Maelezo yalikuja 1919 kutoka kwa Merica na wenzake wa Marekani, na mwaka 1938 ndo Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mtu kivyake, waliona dalili za hivyo vichembe kwa mionzi ya eksirei. Yaani miaka 32 watu walikuwa wanatumia kitu ambacho hakijawahi kuonekana.

UMBO LA KRISTALI LINAVYOAMUA MOTO

Sehemu hii wengi wanairuka. Msiruke.

Mwashi anajenga ukuta wa tofali, katikati ya ukuta ukampa tofali za saizi nyingine kidogo. Tofauti ikiwa ndogo, kozi zinaendelea moja kwa moja, zinapinda tu kidogo mahali pale, ukuta mzima umekazwa. Tofauti ikiwa kubwa kozi zinakatika, kunakuwa na ufa kati ya tofali za zamani na mpya. Vichembe ni hivyo hivyo: kuna vilivyoungana kozi na kopa, na kuna vilivyokatika. Vilivyoungana vinakaza eneo kubwa kuwazunguka, kwa hiyo vinazuia mikunjo vizuri kuliko ukubwa wao.

Kromi mwanzoni kabisa, akiwa bado mdogo, anakubali kujipanga kama kopa, atomu kwenye nyuso, kozi zimeungana pande zote. Akikua anarudi kwenye tabia yake ya kuzaliwa, atomu moja tumboni. Lakini hata hapo hakai ovyo. Piga hesabu mwenyewe: kwenye kopa umbali kati ya tabaka zile zilizobanana kuliko zote, zinaitwa 111, ni 0.3615 ugawe kwa kipeuo cha pili cha 3, unapata 0.209. Kwenye kromi tabaka zake zilizobanana ni za 110, chukua 0.288 ugawe kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata 0.204. Tofauti ni kama asilimia 2 tu! Kwa hiyo tabaka la 110 la kromi linalala sambamba na tabaka la 111 la kopa karibu sawasawa, na ndo maana hata akishabadilika bado ameshikamana kwa upande mmoja na anakua taratibu. Ndo maana pia tipu ya kromi inavumilia joto la kuchomelea kuliko kopa ya kawaida, mpaka karibu nyuzi 500 bado haijalainika kwa haraka. Zirkoni inayowekwa pamoja naye ni kidogo sana, asilimia 0.1 hivi, inatengeneza kristali nyingine ya Cu5Zr, mchemraba wenye upande wa nanomita 0.687, na inasaidia hasa kipande kisipasuke kikiwa cha moto.

Aloi ya nikeli na silikoni, ile aliyoigundua Corson miaka ya 1920, kristali yake ni Ni2Si. Hii sio mchemraba. Ni kama kiberiti, pande tatu zote hazilingani: 0.706, 0.499 na 0.372, kona zote mraba. Mpangilio huo unaitwa orthorombiki, na mtu wa Arusha ana sababu ya kuujua maana tanzanaiti, jiwe letu la Mirerani, nalo ni orthorombiki, ndo maana ukiligeuza linaonyesha rangi tofauti kila upande. Mimi nilifurahi sana siku nilipolijua hilo. Sasa kwa kuwa kristali inataka nikeli mbili kwa silikoni moja, ukibadilisha kuwa uzito unapata kama nikeli 4 kwa silikoni 1, na aloi nzuri zinachanganywa karibu na hapo. Ikizidi nikeli au silikoni, kilichozidi kinabaki kimeyeyukia kwenye kopa na kinaua upitishaji wa umeme bure. Hii inavundikwa kwenye 450 mpaka 500.

Berili ni mdogo sana, atomu yake inapita upesi ndani ya kopa, ndo maana aloi ya berili asilimia 2 hivi inavundikwa kwenye 315 tu, masaa 2 mpaka 3. Inaanza na vibapa vyembamba vya unene wa atomu moja vinavyolala kwenye nyuso za mchemraba wa kopa, vinapitia hatua mbili za kati, mwisho inakuwa CuBe yenyewe, mchemraba wenye atomu ya aina moja kwenye pembe na ya aina nyingine tumboni, upande 0.27. Ni ngumu kuliko zote humu, inafikia ugumu wa chuma cha spana. LAKINI vumbi na moshi wake vinaharibu mapafu na ugonjwa wenyewe hauponi. Nitarudia chini.

Titani nayo ipo, kristali yake ya kati ni Cu4Ti, upande mmoja 0.58 na kimo 0.362, yaani kimo chake ni sawa kabisa na upande wa kopa, imekaa kama imechongwa kwa ajili yake. Sijawahi kuishika kwa mkono wangu, kwa hiyo tuiache hapo.

HATUA YA 1: JUA ULICHONACHO

Usiwashe tanuru kabla. Ukiwa na fimbo mpya yenye cheti, soma: kromi 0.5 mpaka 1.5, zirkoni 0.05 mpaka 0.25, hiyo ndo yenyewe. Ukiwa na kipande cha skrepa, pima uzito wake mahususi, na hapa Arusha tuna bahati kwa sababu madalali wa mawe wana mizani nzuri na kupima jiwe ndani ya maji wanakujua. Kipande cha gramu 500 cha kopa ya kromi, ukikining'iniza ndani ya maji kinapoteza gramu 56 hivi. Kikiwa cha berili kitapoteza kama 60. Kikipoteza zaidi ya 57 na nusu kiweke pembeni, kinaweza kuwa berili au brasi au kitu kingine, sio cha kuchezea na grainda. Berili inapatikana kwenye spana zisizotoa cheche za maghala ya mafuta na kwenye springi za swichi, rangi yake inavuta udhahabu kidogo. Usiisage, usiipige tupa, usiichome, usiipige msasa mkavu. Najua kuna mafundi wanaona vumbi ni vumbi tu, naomba hili mnisikilize, mapafu hayana spea.

HATUA YA 2: TANURU NA KIPIMA JOTO

Unahitaji matanuru mawili au moja linaloweza kazi zote mbili. Moto wa kwanza ni 980, tanuru la umeme la vyungu linafika. Moto wa pili ni 470 na hapo unataka utulivu, lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 5 hivi. Wanaochoma tanzanaiti wana vitanuru vidogo vya dijitali vinavyokaa kwenye 500 mpaka 600 bila kuyumba, ukielewana na mmoja wao umemaliza nusu ya tatizo. Mkaa na mvukuto achana navyo kwa kazi hii, jicho haliwezi kutofautisha 450 na 520, na kwenye kristali hiyo tofauti ni kubwa.

Themokapo, yaani waya wa kupimia joto la tanuru, ihakikishe. Watu wanaichovya kwenye maji yanayochemka wanategemea isome 100, ikisoma 95 wanasema mbovu wanaitupa. Jamani Arusha tupo kama mita 1400 juu ya bahari, maji yanachemkia karibu 95 huku, Moshi ni kama 97. Kipima kiko sawa. Kwa joto la juu tumia metali safi: zinki inagandia 419.5, alumini ya waya wa umeme 660, na sonara anaweza kukupa punje ya fedha halisi isiyochanganywa, inayeyuka kwenye nyuzi 962. Weka punje hiyo ndani ya tanuru lililosomeka 980, ikiyeyuka na ukishusha mpaka 950 haiyeyuki, tanuru lako ni la kuaminika. Punje hiyo iweke juu ya kigae cha udongo, isiguse kopa hata kidogo, maana fedha na kopa zikigusana zinayeyukiana kwenye 780 tu na utapata tope badala ya tipu.

HATUA YA 3: MOTO WA KWANZA

Chonga tipu ukiacha nyama kama milimita 1 kila upande. Sababu: kwenye moto mkali hewa inaingia kwenye ngozi ya kopa inamla kromi na zirkoni wa juu juu, hiyo ngozi haitavundika kamwe, lazima uje kuitoa kwenye lezi, mashine ya kukereza, baadae. Kupunguza hilo mimi nafukia tipu kwenye boksi la chuma lenye mkaa uliosagwa na kukaushwa VIZURI, nafunika. Boksi hilo linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ile ile inayoua watu wakilala na jiko la mkaa ndani, kwa hiyo milango wazi na usikae juu yake.

Ingiza kwenye 980. Kipande cha unene wa milimita 20 kikishafika joto lenyewe kiache dakika 45 mpaka saa moja. Usihesabu tangu ulipowasha, hesabu tangu kilipofika, na kikiwa ndani ya mkaa kinachelewa sana kufika, kwa hiyo themokapo iingie ndani ya boksi. Usipite 1000. Kwanza punje za kopa zinanenepa, pili zirkoni ikiwa imerundikana mahali, pale panaweza kuanza kuyeyuka kwenye 972, na kipande kitapasuka ukikigonga.

HATUA YA 4: KUZIMISHA

Ndoo kubwa ya maji ya baridi, iwe mita moja kutoka mlango wa tanuru. Toa kwa koleo, tumbukiza, zungusha. Sekunde chache tu, yaani usisimame kuongea. Ukichelewa kromi ataanza kujikusanya ovyo njiani, na hao waliojikusanya hawatakusaidia tena mpaka urudie moto wa kwanza. Maji yawe mengi yasichemke. Umeme ukikatika katikati ya moto wa kwanza na tanuru likaanza kupoa lenyewe, usijidanganye kuendelea, subiri urudi uanze upya kutoka 980. Ilinitokea mara mbili, mara ya kwanza nilikaza nikavundika hivyo hivyo, ugumu haukufika hata karibu.

Baada ya hapo ijaribu kwa tupa. Itakatika kama siagi. Usiogope, ndo inavyotakiwa.

HATUA YA 5: KUIGONGA, UKITAKA

Ikiwa laini ndo muda wa kuifanyia nguvu: kuivuta, kuigonga ikonde, kuibana kwenye dai, yaani kalibu la chuma. Kazi hii ya baridi inaongeza mikunjo ndani, na vichembe vinapenda kuotea kwenye mikunjo, kwa hiyo vinakuwa vingi na vidogo zaidi. Fimbo bora za dukani zimepita hapa. Ukiigonga sana, moto wa pili ushushe kidogo, 440 hivi, maana kila kitu kitaenda haraka. Kwa tipu ndogo mimi naruka hatua hii.

HATUA YA 6: KUVUNDIKA

470, masaa 3. Kati ya 450 na 480 na masaa 2 mpaka 4 uko salama, chini zaidi inataka muda mrefu, juu zaidi inapita kilele haraka. Hapa hauhitaji mkaa, itapata weusi tu utautoa kwenye lezi. Ikiisha itoe ipoe kwa hewa, maji au hewa hakuna tofauti tena, vichembe vishaota.

Umeme ukikatika hapa sio janga. Kromi akikosa joto anasimama tu pale alipo, ukirudi unamalizia muda uliobaki. Ilikaa saa moja na nusu kwenye 470, ikapoa, ipe saa moja na nusu nyingine. Ninavyoandika madaftari ya kazi naweka saa ya kuingia, ya kukatika na ya kurudi, vinginevyo unabaki kukisia.

Kinachoharibu ni kupitiliza joto. Tanuru likikimbia mpaka 600 kwa saa moja, vichembe vidogo vinaliwa na vikubwa, vinabaki vichache vilivyo mbalimbali na kozi zimekatika. Hiyo ndo ndizi iliyooza. Tofauti na ndizi, hii unaweza kuirudisha mwanzo: 980 tena, maji tena, 470 tena.

HATUA YA 7: KUPIMA

Mashine ya Rockwell ya kupima ugumu ikiwepo, skeli B, tipu nzuri isome 70 na kitu kwenda juu. Isipokuwepo fanya hivi. Tafuta gololi ya beringi ya milimita 10, iweke kati ya tipu yako na tipu mpya ya dukani unayoiamini, nyuso zote zimelainishwa, bana zote tatu kwenye jiliwa. Nguvu inayobana ni ile ile pande zote mbili, kwa hiyo shimo likiwa dogo kwako, yako ni ngumu zaidi, likiwa pana, yako ni laini. Pima upana wa mashimo kwa vernia na ulinganishe.

Kipimo cha pili ni umeme, na binafsi naupenda kuliko gololi kwa sababu unakuambia kilichotokea ndani. Kromi aliyetawanyika mmojammoja anasumbua umeme, akishajikusanya kwenye vichembe njia inakuwa wazi. Aloi iliyotoka kwenye maji inapitisha kama asilimia 40 ya kopa safi, iliyovundikwa vizuri ni 75 mpaka 85. Chonga fimbo ya mtihani ya milimita 6, ipitishe kila moto pamoja na tipu. Chukua betri ya gari, taa nne za wati 55 zilizofungwa sambamba, na fimbo yako iwe njiani, umeme utakaopita ni ampia 18 hivi. Multimita iweke skeli ya milivolti 200, ncha zake ziguse fimbo yenyewe, sentimita 20 kati yao, ndani ya klipu za betri na sio juu ya klipu. Kopa safi ingesoma kama 2.2, iliyovundikwa vizuri itasoma karibu 2.8, isiyovundikwa 5.6 hivi. Betri ikichoka namba zinabadilika zote, kwa hiyo weka pia kipande cha waya wa kopa wa unene unaoujua kwenye msururu huo huo uwe shahidi.

Ugumu na umeme visomwe pamoja. Laini na umeme mdogo: haijavundika. Ngumu na umeme mkubwa: hongera. Laini na umeme mkubwa: imepitiliza, au ilipoa polepole. Laini na umeme wa karibu 100: uliuziwa kopa ya kawaida, hakuna kromi humo na hakuna moto utakaoisaidia.

KWA WANAFUNZI WA FIELD (MAFUNZO KWA VITENDO) WANAOTAKA KUZIONA KRISTALI

Wengi mnakuja na wazo la kuweka kipande kwenye mashine ya eksirei, ile inayoonyesha kila kristali kwa mistari yake kwenye pembe fulani, mkatafute mstari wa kromi. Kwa eksirei ya kawaida ya kopa, yenye urefu wa wimbi nanomita 0.15406, mstari mkubwa wa kopa uko nyuzi za pembe 43.3 na wa kromi ungekuwa 44.4, wameshikana bega. Na kromi mzima hafiki asilimia 1, tena yuko kwenye vichembe vya nanomita chache ambavyo mstari wake unatandazika kama uji. Hamtauona, na kutouona sio ushahidi kwamba hayupo. Inahitajika hadubini ya elektroni inayopita ndani ya sampuli, na sampuli iwe imekondeshwa mpaka chini ya nanomita 100 hivi. Vichembe vilivyoungana kozi vinaonekana kama mbawa mbili za kivuli zenye mstari mweupe katikati, hicho ni kivuli cha mkazo wa kopa iliyopindishwa, sio kichembe chenyewe, kwa hiyo msipime ukubwa kutoka hapo. Mkitaka kuanza na rahisi chukueni aloi ya nikeli na silikoni, vichembe vyake vikipitilizwa kwa makusudi vinanenepa na madoa yake kwenye picha ya difraksheni yanaonekana bila kubishana.

Na kwa wenye mashine za spoti: tipu ikishakomaa usiibrezi kwa fedha (kuiunga kwa kuyeyusha aloi ya fedha) kwenye shanki, yaani mkono unaoishika, brezi inataka 650 kwenda juu na utakuwa umeivundika upya palepale mpaka ioze. Ikaze kwa koni au kwa nati. Maji ya kupoza yafike karibu na uso wake, na ukiona kichwa kinaanza kufura kisawazishe mapema kwa tupa laini, maana tipu iliyofura inagusa bati kwa upana, unaongeza ampia, joto linapanda, na vichembe ulivyoviotesha kwa masaa matatu vinakuliwa mchana mmoja.